Siku Nilipomuua Bi Ashura kwa Sentensi Moja

Ndugu zangu, aibu hii naisimulia mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa Palma, mji wetu huu wa pwani ya Msumbiji, wataitia chumvi, na wala haihitaji chumvi.

Wakati ule gesi ndiyo kwanza imeonekana baharini, mji umejaa wageni, na mimi, mwalimu wa primária, yaani shule ya msingi, nimeshikwa na homa ya kuandika riwaya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mawimbi na upepo mtupu. Nilipomsomea mke wangu Amina, alisinzia na ungo wa mchele mapajani. Alipozinduka akasema, "Baba Zaina, mbona hamna mtu humo? Msomaji mshike shati tangu mlangoni."

Basi nikaifuta bahari yote, nikaandika: "Bi Ashura ameuawa alfajiri ya leo, na aliyemuua yumo humu humu mtaani." Kwa nini Ashura? Kwa sababu jirani yetu Bi Ashura alikuwa nje anawafokea kuku wake, jina likaniingia kalamuni (uamuzi mdogo kabisa, nao ndio ulionimaliza).

Kesho yake watu wa gesi walikuwa na mkutano na wananchi, nami nimeitwa kufasiri Kireno. Uwanja umejaa, wageni bado, fundi wa spika akaniambia, "Senhor professor, sema chochote nisikie sauti." Mwenye akili angehesabu um, dois, três. Mimi nikachomoa karatasi mfukoni, nikasema ngoja nione kama mwanzo wangu unashika, nikausoma taratibu, kwa sauti nzito kama ya redioni.

Ulishika! Mama mmoja akapiga ukemi, "Yarabi, Ashura!", uwanja mzima ukainuka, wanawake mbio kwa Bi Ashura, wanaume wanatazamana nani muuaji, nami nalia "Ni riwaya! Riwaya!" lakini fundi, kwa heshima ya msiba, keshazima spika.

Wageni wakashuka garini, wakakuta viti vitupu.

"Wananchi wako wapi?" akauliza administrador, mkuu wa wilaya aliyekuja nao.

"Msibani, mheshimiwa."

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu, mheshimiwa."

Akanikazia macho, akaniamuru niwapeleke. Tulikuta maiti bado inatafutwa, lakini mikeka imetandikwa, masufuria ya wali motoni, na Bi Ashura mwenyewe ndiyo kwanza anarudi kutoka pwani alikokwenda kuokota chaza. Kuona umati mlangoni kwake akatupa ndoo, akaangua kilio, "Nani kanifia jamani?" Waombolezaji kumwona marehemu analia, wengine waliruka ua!

Nikapiga magoti, nikaeleza yote. Kisha Bi Ashura akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, mtaa ukamfuata, hata administrador akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Wali ulipoiva tukala sote, na wageni wa gesi nao (walidhani ndiyo mapokezi yao).

Alasiri mkutano ukafanyika. Ulipofika wakati wa maswali, Bi Ashura akasimama wa kwanza: "Langu si la gesi. Mwalimu, aliyeniua nani?"

"Eeh, nani?" uwanja ukaitikia.

Sikujua! Nilikuwa na sentensi ile moja tu.

Tangu siku hiyo nimeapa simtoi mtu roho mstari wa kwanza kabla sijaujua wa mwisho. Na sasa naandika mbio, maana kila asubuhi marehemu hunigongea mlango: "Hodi mwalimu! Wamemkamata?"