Viatu vya Mlangoni

Jirani yangu huku Naviundu anachoma takataka, na harufu ya mpira unaoungua inanirudisha kwenye kanisa letu la udongo. Sisi tuliojitenga na parokia tulisali bila viatu, tuliviacha mlangoni. Jumapili moja vijana wa mtaa walivichoma vyote, nasi tuko ndani tunaimba.

"Tuende Zambia," baba akasema. "Kule batatuacha tusali."

"Papa, mutoto iko na homa," mama akamwambia, mdogo wangu akiwa mgongoni mwake.

"Mungu anaona."

Tulipanda lori miguu mitupu hadi mpakani, Mokambo. Mdogo wangu hakufika.

Kweli, kule hakuna aliyetukataza. Baba alijenga kanisa jingine. Kila Jumapili mama alikaa nje, mlangoni, na viatu miguuni.