Nyuma ya TV ya Chogo

Juzi, dukani Majengo, muuzaji alinisifia TV bapa: nyepesi, inakaa ukutani, picha safi, na haipati moto.

"Zile za chogo zilikuwa zinapoteza umeme bure," alisema.

Kama kawaida yangu niliyapima maneno yake mara tatu, nikakwama hapo kwenye moto.

Alasiri moja ya baridi, nilipokuwa mdogo, Bibi alifika kwetu Ruhuwiko kutoka Mpitimbi. Alikuwa amejifunga khanga mbili na bado mikono inatetemeka. TV yetu ya chogo ilikuwa inaongea tangu asubuhi, na mgongo wake ulitoa joto lenye harufu ya vumbi lililoungua. Niliamini Baba aliinunua kwa ajili ya joto hilo, na picha za mbele zilikuwa pambo tu. Nikabana kigoda kati ya ukuta na TV, nikamkalisha Bibi hapo.

Baba alipoingia alishtuka. "Shikamoo, mama. Nani kakuweka huko kama gunia la mahindi? Njoo mbele uone picha!"

"Marahaba. Picha nitajifunika?"

Baba akanigeukia. "Mtoe bibi yako huko."

Nilikuwa mtoto mwoga, hata kuku walinitisha. Lakini mikono ya Bibi ilikuwa imetulia.

"Simtoi," nilisema.

Bibi alicheka mpaka kigoda kikalia. Baba akavuta kiti, akaja kukaa naye huko nyuma.

Pale dukani, muuzaji alikuwa bado anangoja jibu.

"Umeme ule haukupotea," nilimwambia.