Bibi Akisikia Viatu

Mwezi uliopita nilikwenda Makambako, na kabla ya kuingia kwenye shamba moja la viazi nyuma ya mji nilivua viatu. Mwenye shamba, mama wa makamo aliyekuwa anapalilia, alinyanyuka akanitazama miguu.

"Mama, baridi hii! Umelewa?"

Nikamwambia sikulewa. Humo amelala mtu, naye hapendi kusikia viatu. Mama akacheka, kisha akaacha kucheka.

Yeye sikumweleza. Wewe nitakueleza.

Wakati ule Mwingereza alikuwa bado anatawala, na Makambako ilikuwa barabara tu na maduka machache ya mabati. Malori yalipita yamepakia magome ya miwati kutoka Njombe, yakatuachia vumbi na harufu yake chungu. Waislamu tulikuwa nyumba chache. Majirani zetu walikuwa wakulima wa Kilutheri, na Jumapili nyimbo zao zilifika mpaka jikoni kwetu. Baba alikuwa na duka la chumvi na kaniki. Bibi, mama yake baba, alikuwa Mbena wa Kifanya, akasilimu alipoolewa na babu, mfanyabiashara aliyepanda huku kutoka pwani. Babu alikufa mapema, kabla hajamfundisha mengi. Bibi alifunga, aliswali kwa kutufuatisha sisi, na alipokaa juani kumenya njegere aliimba chinichini nyimbo za kanisani bila kujua kwamba anaimba. Mimi aliniita mke mwenza, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Mpaka leo nikipasua ganda la njegere mbichi, naye yupo.

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitoka pwani pia. Baridi ya kwetu ilimtesa, akavaa koti la jeshi juu ya kanzu. Somo alilolipenda lilikuwa kaburi. Alitwambia kwamba maiti akishafukiwa hurudishiwa roho yake, akasikia vishindo vya viatu vya ndugu zake wanaoondoka. Vishindo vikiisha, wanakuja malaika wawili, Munkari na Nakiri, weusi, macho yanawaka kama umeme. Wanamkalisha kitako wanamuuliza: Mola wako nani? Dini yako ipi? Mtume wako nani? Kibla chako wapi? Anayebabaika hupigwa rungu la chuma, na ardhi inambana mpaka mbavu za kulia zinapishana na za kushoto.

Ili tusisahau, alimlaza mmoja wetu mkekani, akamfunika shuka gubigubi, akawaamuru wengine watoke nje kwa kukanyaga kwa nguvu. Ukimya. Kisha unamsikia yeye anakuja. Ukikosea jibu unachapwa ndani ya shuka, hujui fimbo itatua wapi.

Siku moja aliniuliza mbele ya wenzangu, "Yule bibi yako Mbena, majibu anayajua?"

Wenzangu wakacheka.

"Mfundishe. Akifa hajui, usishangae ukimsikia analia chini."

Mwaka ule bibi alikuwa ameanza kukohoa damu.

Nilianza jioni hiyo hiyo, yeye kitandani, mimi nimesimama. Alisikiliza maswali yote akafikiri kidogo.

"Mke mwenza, hao wageni nikiwaambia kamwene, hawataitika?"

"Malaika hawajui salamu za Kibena."

"Basi wamelelewa vibaya."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na asubuhi ile nilikuwa nimechapwa.

Wiki ya pili nikachukua viatu vya zamani vya baba, vile vizito vyenye misumari. Nilimfunika bibi blanketi mpaka kichwani, nikatoka nje nikikanyaga sakafu, nikasubiri, nikarudi nikikanyaga. Mola wako nani? Alijibu. Mtume wako nani? Akasema Yesu, kama alivyozoea utotoni, na mimi nikapiga blanketi kwa fimbo ya kuswagia mbuzi. Chini ya blanketi palikuwa na bibi, nami nilijua. Nitasema kweli: nilimpenda, na nilipenda pia kushika fimbo.

Ndugu mdogo wa bibi alikuja kutoka Kifanya na kikapu cha njegere, akatukuta hivyo.

"Mtoto huyu ana wazimu? Dada, turudi nyumbani. Kwetu mtu akifa anapumzika."

"Mume wangu nimemzika huku," bibi alisema ndani ya blanketi. "Nataka kumfuata alipo. Niache nisome."

Kuna jambo moja sikumwambia. Mwalimu alikuwa amelisema mara moja, haraka haraka: kwamba anayejibu vizuri kaburi lake hupanuliwa, hufunguliwa dirisha la kutazama peponi, akaambiwa alale usingizi wa bibi harusi. Nililiweka moyoni. Niliona akilijua atalegea, hatasoma.

Alikufa asubuhi moja ya Julai, majani yameganda kwa baridi. Mama alikuwa amenituma kuni, nikavaa vile viatu kwa ajili ya baridi tu, wallahi, nikaingia chumbani kumtazama. Bibi alisikia vishindo. Aliinua mikono akafunika kichwa, akaanza kujibu kabla hajaulizwa: Mola wake, dini yake, Mtume wake. Hakukosea hata moja.

"Nimepata?" akauliza. "Usinipige."

Ningeweza kumwambia amepata. Nikamwambia, "Umesahau kibla."

Midomo yake ikaanza kutafuta. Ilitafuta, ikatafuta, kisha ikatulia.

Wanawake hawakwenda makaburini, na sisi wasichana vivyo hivyo, kwa hiyo mazishi nilikuwa sijawahi kuyaona. Alasiri ile nilijificha nyuma ya mianzi. Nikaona wanamlaza kwenye mwanandani, wanapanga mbao, wanafukia. Wanaume wakaondoka na vishindo vyao. Akabaki mwalimu peke yake, amechuchumaa upande wa kichwa, akaanza kusema kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti laini ambayo sijapata kumsikia nayo. Alimwita mja wa Mungu, binti Hawa. Alimwambia watakuja malaika wawili, asiwaogope, nao ni viumbe wa Mungu kama yeye. Waambie Mola wangu ni Allah. Waambie dini yangu ni Uislamu. Mtume wangu ni Muhammad. Kibla changu ni Kaaba.

Nilitoka kwenye mianzi.

"Kumbe mnawaambia majibu!"

Hakushtuka. Alikung'uta udongo kwenye koti. "Hiyo ni talakini. Kila maiti husomewa."

"Mbona hukutwambia?"

"Ningewaambia, nani angesoma?"

Akaondoka. Mimi nilivua viatu vya baba nikarudi nyumbani pekupeku kwenye ardhi ile baridi kama barafu, bibi asije akadhani ni mimi narudi kumuuliza.

Sasa mianzi imekatwa. Chuo hakipo, mwalimu alirudi pwani kwenye joto lake, na vilima vya makaburi yetu vimesawazishwa kwa jembe. Nilikisia tu mahali, katikati ya matuta ya viazi. Nikachuchumaa nikamwambia lile nililomficha, la dirisha na la bibi harusi, miaka yote hiyo baadaye. Kisha, kwa kuwa sikujua la kuongeza, nikasema kwa sauti, "Kamwene, bibi."

Aliyeitika ni yule mama mwenye shamba.