Ngata ya Baba na Kikohozi cha Shemeji

Mimi kinyongo hakinitoki. Nimeungama, padri akanipa malipizi, nikasali yote, na kinyongo kikabaki palepale.

Baba yangu alikuwa mchukuzi stesheni ya Tabora. Alitoka Goweko kijana, akabeba mizigo ya abiria mpaka akaota mvi, na kwa kichwa hicho tulisoma mimi na dada yangu. Alipofariki tulikuta ngata yake juu ya kabati, ule mviringo wa kitambaa aliouweka kichwani chini ya mzigo. Ilikuwa bado inanuka jasho lake.

Siku ya kuanua matanga, nyumbani Ipuli, watani walifanya yao. Mmoja alijilaza kwenye kitanda cha marehemu akidai chai, tukacheka huku tunalia. Hiyo ni haki yao, utani una wenyewe. Lakini mume wa dada yangu, Mnyamwezi mwenzetu, tena mkwe, ambaye hata kukaa mkeka mmoja na baba hakuthubutu, aliinyakua ile ngata, akajivika, akatembea ameinama mbele ya wageni.

"Pagazi wa mwisho huyu hapa! Mzee katuachia urithi!"

Watu wakacheka. Mama akajifunika kanga usoni. Nilipomfuata uani, akanijibu, "Aa, shemeji, utani tu."

Utani tu! Nikasema moyoni, ngoja.

Nilingoja miaka mitatu. Mwaka jana kwaya yetu ikapanga kwenda kuona sokwe kwenye milima ya Mahale, kule ziwani. Shemeji ndiye mwalimu wa kwaya. Alinunua buti na darubini, akautangazia mtaa mzima wa Ng'ambo kwamba atarudi na picha yake na sokwe. Mimi nilitia ngata ya baba kwenye begi langu, sijui hata kwa nini.

Ndani ya treni akaanza kukohoa. Tunafika Kigoma, anatafuna tangawizi kama mbuzi. Dada akasema ni vumbi. Tukapanda boti hadi Mahale.

Asubuhi, kambini, askari wa hifadhi alitugawia barakoa. Akatueleza kwamba sokwe huambukizwa maradhi yetu, mafua ya mtu mmoja yanaweza kumaliza kundi. "Nani anakohoa? Aseme sasa."

Shemeji akazikazia macho buti zake. Amekibana kikohozi mpaka mishipa ya shingo imemsimama.

"Mwalimu," nikasema kwa upole kabisa, "kabla hatujapanda, tuanzishie wimbo."

Kwaya nzima ikamgeukia. Angekataaje? Akavuta pumzi, akafungua kinywa, na lahaula! Kikohozi kikamtoka mpaka akashika magoti.

"Mzee, wewe utabaki," askari akasema. Shemeji akaomba, akaapa kuwa ni vumbi. Wapi! Mkuki kwa nguruwe.

"Basi abaki na mizigo yetu," nikasema. Nikaitoa ngata, nikamwekea mapajani. "Utani tu, shemeji."

Tulipanda njia ya mawe na mizizi, magoti yakaniuma, wala sikujali. Nilimwona sokwe jike amembeba mwanawe mgongoni, akatupita karibu bila haraka. Nikafurahi kwamba shemeji amemkosa, ndiyo, nasema wazi.

Tuliporudi, alikuwa amekaa kati ya mabegi, ngata ameishika kwa mikono miwili. "Nisamehe, shemeji."

"Si mimi," nikamjibu. "Utamwomba mama. Na utakwenda na hiyo kichwani."

Nilidhani angenitukana. Lakini tuliposhuka stesheni ya Tabora, mchana kweupe, alijivika ngata, akaniinamia nimtwike begi langu. Nikamtwika. Wachukuzi wakamtazama. Alitembea hivyo mpaka Ipuli, anakohoa, jasho linamtiririka, nami nyuma yake sikumpokea hata mara moja.

Mama alikuwa mlangoni. Akamtazama kuanzia buti hadi ngata, na safari hii hakujifunika uso.