Sauti ya Soja wa Geti

Chekeni tu, lakini mnisikilize. Miaka yote ninayoigiza kwenye runinga nimekuwa soja. Nafungua geti, tajiri anapita na gari lake, nafunga geti. Mtaa wetu wa Makongeni wote unanijua kwa kofia, lakini hakuna aliyewahi kunisikia nikiongea.

Mwezi uliopita, hatimaye, nikapewa maneno: "Karibu nyumbani, mkubwa. Tumekungoja sana." Niliyakariri hadi mke wangu akaninunia.

Siku ya kipindi kuonyeshwa nikajaza majirani sebuleni. Nikamleta mama kutoka ushago, kule kijijini kwetu. Macho yake yamefifia, hajawahi kuniona kazini, kwa hivyo nikamketisha sikio karibu na runinga. Redio ya jirani nikaenda kuizima mwenyewe. "Atakayekohoa atoke nje!" nikafoka.

Geti likafunguka. Nikatokea, mdomo ukacheza, lakini sauti iliyotoka ilikuwa nzito, tamu, ya mwanamume mwingine kabisa. Wenye kipindi walikuwa wameondoa yangu wakaweka ya mtu mwingine, na hawakuniambia.

"Ni yeye! Soja wetu!" Mama Kevo wa mlango wa pili akapiga makofi, wengine wakafuata. Nami, bila haya, nikasimama nikawainamia kama nyota.

Mama yangu hakupiga makofi. Alikuwa bado ameinamisha kichwa, sikio kwenye runinga. Kelele zilipotulia akanishika mkono, akauliza mbele ya wote:

"Mwanangu, wewe utaongea saa ngapi?"