Gari la Shemeji Lililokataa Asubuhi

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya dada yangu Feza. Alinipigia simu kutoka Kabambare, sauti imemkauka, akaniambia kwamba gari la marehemu mume wake linakataa kuwaka kila asubuhi na ukoo wa mume umeanza kusema. Siku ya kumaliza matanga ilikuwa inakaribia, siku ambayo vitu vya marehemu hugawanywa. Mzee Kitenge, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ametamka mbele ya watu: alfajiri ya siku hiyo Feza atawasha gari. Likiwaka, libaki kwake. Likikataa, basi marehemu mwenyewe ndiye anayemkataa mjane, nalo litapelekwa Salamabila kuuzwa.

"Kuya huku, ndugu yangu," Feza aliniambia. "Weye uko fundi. Ile gari ndjo inalisha batoto."

Mimi ni fundi wa magari, na ulimi wangu hauna breki. Nilitaka kumjibu kwamba wafu hawana muda wa kuchezea magari. Lakini nilimsikia akipandisha pumzi za kilio, nikaanza kutia spana zangu kwenye gunia.

Kutoka Kasongo nilipanda pikipiki ya Ramazani, mtu mzima mwenye mvi ambaye hiyo njia anaijua shimo kwa shimo. Kuiita barabara ni kuipa heshima tu. Kilikuwa kiangazi, na vumbi lilitupaka mpaka kwenye kope. Penye daraja la magogo nilishuka nikavuka kwa miguu, naye akawa ananicheka.

"Fundi, unaogopa maji ama unaogopa miye?"

"Ninakuogopa weye. Maji iko na akili."

Njiani, kijiji cha Wamaza, tulilala kwa shangazi yake, mama Zaina. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukunja vidole. Nilimkuta jikoni ameegemeza chupa ya mawese karibu na mafiga, anaigeuza taratibu.

"Mama, chupa nayo inaota moto?"

"Imelala, baba. Baridi imeikamata. Ikipata moto kidogo itaamuka, sawa na weye."

Nilicheka, nikala sombe yangu ya majani ya muhogo ikiwa bado inatoa moshi, na mawazo yangu yakaishia hapo.

Kabambare tuliingia jua likiwa kali. Feza alikuwa amekonda, kitambaa cha matanga kimemlegea kichwani. Nyuma ya nyumba lilisimama gari la shemeji, jipu la zamani la kabureta, lililobeba mizigo ya nusu ya mji huu. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemfundisha Feza kuliendesha, na tangu amefariki, Feza ndiye anayelipeleka sokoni. Sikuvua hata koti. Niliingia, nikageuza ufunguo, likawaka papo hapo.

"Dada, hii gari haina ugonjwa. Umeniita nije kula kuku?"

Hakucheka. "Muchana iko inawaka. Ungoje asubui." Na soko, kama mnavyojua, halimngoji mtu wa mchana.

Asubuhi niliamshwa na sauti yake nje. Nilichungulia dirishani. Alikuwa amesimama kando ya jipu, kiganja juu ya bodi, anazungumza kwa upole, kana kwamba mume wake yumo ndani.

"Baba Juliette, umelalaje? Kikohozi ya Juliette imepungua. Kaka yangu alifika jana. Leo unakubali?"

Akapanda, akageuza ufunguo. Injini ilizunguka, ikazunguka, ikachoka. Akashuka, akalipapasa tena. "Haya, pumzika," akasema, akaenda kuwasha moto wa chai. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kumaliza matanga.

Baada ya chai nilifungua boneti, nikafuata njia yangu ya siku zote. Batri ilikuwa nzima. Nilitoa buji, ile plagi ya kurusha cheche, nikaigusisha kwenye chuma, Feza akageuza ufunguo: cheche ikaruka, ya buluu, kali. Ila hiyo buji ilikuwa kavu, maana yake petroli haifiki. Nikachomoa mpira unaotoka kwenye pampu, petroli ikanirukia hadi kifuani. Pampu haina kosa. Ikabaki kabureta, inayochanganya petroli na hewa.

Nilipofungua kikombe chake cha chini, nilikuta utando mwekundu, mzito kama uji uliopoa, umeziba kitundu chembamba kinachopitisha petroli. Niliuchota, nikausugua kati ya vidole, ukayeyuka. Nikanusa. Hapo ndipo mama Zaina na chupa yake waliponirudia kichwani. Yalikuwa mawese. Usiku petroli ya kwenye kikombe hupungua kwa kugeuka mvuke, mawese hubaki chini, baridi huyagandisha. Jua la mchana huyayeyusha, na gari hukubali.

"Feza, esansi unachunga mu nini?" nilimuuliza, nikimwonyesha petroli.

Alinipeleka nyuma ya jiko. Zilijipanga bidoni za manjano, madumu ya plastiki, zilezile anazotilia mawese yake ya kuuza. Tangu mume afariki, petroli ya akiba alikuwa anaiweka humo.

"Nilisafisha na sabuni, na muchanga, mupaka mikono ikachubuka," alisema. Nilimwamini. Lakini mawese yakishaingia kwenye bidoni hayatoki yote, na kile kilichoshindwa na sabuni, petroli hukibeba.

Alitazama vidole vyangu vyekundu. "Basi ni mukono yangu."

"Ni mawese, dada."

Nilishinda kutwa nzima nikikausha tangi, nikiosha kabureta, nikipuliza kila tundu mpaka masikio yakavuma. Feza alinunua petroli ya chupa zinazoonyesha ndani, akainusa chupa kwa chupa kabla ya kuniletea.

Alfajiri ya kumaliza matanga wazee walikuwa uani wamejifunika mablanketi. Mzee Kitenge aliniangalia.

"Fundi, umeweka dawa gani?"

Kabla sijafungua mdomo, Feza alijibu mwenyewe. "Hakuna dawa, mzee. Kulikuwa mawese mu esansi. Bidoni ni yangu, na ni miye nilitia."

Akapanda. Injini ilikohoa, ikasita, kisha ikashika. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Kitenge alivua kofia, akalisogelea gari.

"Mama Juliette, nilisema ndugu yangu anakukatala. Haikuwa yeye. Gari ni yako. Unisamehe."

Feza aliitikia kwa kichwa, lakini hakushuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Nilidhani ni furaha, nikainama dirishani nimtanie.

"Kila asubui nilimuuliza," aliniambia polepole, "na kila asubui alinijibu. Hata kama alikatala, alikuwa ananijibu. Kumbe ilikuwa mawese tu."

Niliumia sana. Nilisimama pale nimeshika mlango mpaka alipozima injini.

Kurudi Kasongo nilirudi naye, kwenye jipu lililojaa karanga na mawese ya kuuza, petroli ikiwa kwenye chombo chake peke yake. Sasa ninanusa bidoni kabla ya kugusa spana. Na mtu akiniletea gari la marehemu, ninakaa naye kwanza, ninasikiliza anavyoliita.

Asubuhi ile ya kuondoka Kabambare, bado kuna ukungu, Feza alisimama kando ya jipu kama kawaida yake, kiganja juu ya bodi. Mimi nikajifanya ninafunga gunia.

"Baba Juliette, tunaenda Kasongo," alisema.

Hakungoja jibu. Alipanda, akawasha.