Lenzi ya Huwaida na Mbio za Punda

Huwaida binti Bakr alikuwa mpakaji wa hina, na mtaani Mkomani, kisiwani Amu, bibi harusi aliyetaka maua ya piko, ile rangi nyeusi, yenye nyuzi nyembamba alimtafuta yeye kwanza. Kamera yake aliinunua kwa ajili ya kazi hiyo, apige picha za mikono na miguu ya maharusi na kuwaonyesha wateja. Kwa mkono ulio karibu, ilimtosha kabisa. Ilimshinda siku ya mbio za punda, wakati wa Maulidi.

Mdogo wake Sadiq, ambaye hubeba mchanga na simiti kwa punda wake Simsim, alikuwa ameshindana siku hiyo. Huwaida alimpiga picha kutoka juu ya paa la Bi Maram, mjane aliyekuwa mteja wake wa miaka mingi. Nyumba ile haiko pwani kabisa, iko ndani kidogo, lakini uchochoro wake umenyooka hadi baharini, na huko mwisho ndipo hufungwa kamba ya kumalizia mbio. Jioni Sadiq alizitazama picha zile kwa makini.

"Dada, mimi ni yupi hapa?"

Huwaida akamwonyesha doa jeupe juu ya doa la kijivu. Sadiq hakucheka wala hakununa, alirudisha kamera tu. Hilo ndilo lililomuuma Huwaida. Akaapa kwamba Maulidi yajayo atazipiga hata kope za punda.

Alipopata nafasi alikwenda kwa Kamau, fundi wa simu na kamera mwenye kibanda karibu na soko. Kamau alikuwa mtu wa bara aliyekaa Amu hadi akawa anasema "ndia" badala ya "njia" bila kujua. Huwaida alimweleza anachotaka: lenzi ya kuvuta mbali, isiyo ghali, ya mtu anayeanza.

Kamau akamwekea tatu mezani. Moja ilikuwa ndefu kama mchi, na macho ya Huwaida yakaenda huko moja kwa moja.

"Hii," akasema.

"Hiyo haijilengi yenyewe, Bi Huwaida. Utakuwa unazungusha kwa mkono, na punda hatakungoja."

"Basi ya pili?"

"Ya pili huvuta hadi milimita mia tatu. Ya tatu inafika mia mbili na hamsini tu, lakini ndani ina kifaa cha kutuliza mtikisiko. Usiniamini mimi. Toka nje ujaribu zote mbili."

Huwaida alisimama mlangoni akamlenga kunguru aliyetua juu ya mlingoti. Alipiga kwa ile ya mia tatu, akapiga kwa ile ya mia mbili na hamsini, kisha akazikuza picha kwenye kioo cha kamera. Katika picha ya kwanza kunguru alikuwa na midomo miwili. Huwaida alishangaa. Mkono wake ulikuwa haujawahi kuyumba hata kwenye unyayo wa bibi harusi anayetekenyeka, na sasa lenzi ilikuwa inamwambia kwamba unatetemeka. Katika picha ya pili kunguru alikuwa ametulia, na jicho lake linang'aa.

Hamu ya mia tatu ikamtoka. Kamau akahakikisha kwamba kitako cha lenzi ya tatu kinaingia kwenye kamera yake, akaizungusha karibu na sikio asikie kama ina mchanga, kisha akampa aimulike kwenye mwanga.

"Hewa ya bahari huotesha ukungu kwenye vioo. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani, usinunue hata ukipewa nusu ya bei."

Kioo kilikuwa safi. Ilikuwa lenzi ya plastiki, nyepesi, imechubuka pembeni, lakini Huwaida alipita vichochoroni ameikumbatia kama mtu aliyebeba mayai.

Kisha ukaja msimu wa kuharibu picha. Punda aliyesimama alitoka vizuri, hadi unywele wa sikioni. Punda aliyetembea alitoka kama uji. Huwaida alidhani ameuziwa kitu kibovu, mpaka alipotambua mwenyewe kwamba kile kifaa kinatuliza mkono wake tu, hakimtulizi punda. Akapandisha kasi ya kamera hadi sehemu ya elfu moja ya sekunde, akashuka uchochoroni kumngoja mchukuzi wa maji na punda wake. Punda alipita mbio, na kwenye picha miguu yake ilikuwa imeganda hewani kama imechongwa.

"Mama, njoo!" aliita, naye si mtu wa kupaza sauti.

Mama yake alitoka jikoni akiwa na unga mikononi, akatazama macho ya punda kwenye picha, akasema, "Mato ya punda yamekuwa makubwa kuliko yangu."

Alijifunza mengine pia. Adhuhuri joto la mawe hufanya vitu vya mbali viteteme, kwa hiyo aliiacha kamera ndani. Magharibi ikikaribia, lenzi ile huhangaika kulenga, mara mbele, mara nyuma. Hiyo ndiyo gharama ya kitu cha bei nafuu, naye akaikubali. Wakati wake bora ukawa alasiri, jua likiwa mgongoni.

Maulidi yakafika. Huwaida aliwahi juu ya paa la Bi Maram, ambalo lilijaa wanawake na harufu ya udi. Kutoka pale aliona kipande kifupi tu cha njia ya pwani, kati ya kuta mbili, na kamba imekatiza katikati yake. Punda wangepita pale kwa kufumba na kufumbua. Hakutaka kuiachia lenzi ihangaike, kwa hiyo aliilenga kamba mapema, akazima kujilenga, akakaza viwiko kwenye ukuta wa paa.

"Waja!" akasema Bi Maram.

Hakuna aliyewaona bado. Ilikuwa kelele tu iliyokuwa ikija, inapanda kutoka upande wa bandari, na Huwaida akaweka kidole kwenye kitufe. Alibonyeza kabla punda hajatokea, akashikilia, na kamera ikapiga mfululizo.

Wawili walifika pamoja: Sadiq juu ya Simsim, na Khatib, kijana wa kutoka Siyu, juu ya punda mweusi. Umati ukagawanyika papo hapo. Nusu walimbeba Sadiq, nusu walimbeba Khatib, na mwamuzi, Bwana Abdulhalim, akabaki amesimama katikati na filimbi yake.

Huwaida alizipitia picha. Moja ilimwonyesha Simsim hewani, kwato zote nne zimeachana na ardhi, na Sadiq ameinama shingoni mwake, meno nje. Iliyofuata ilikuwa ya kamba. Pua ya punda mweusi ilikuwa imeigusa. Pua ya Simsim ilikuwa nyuma kwa upana wa kiganja.

Aliikuza tena ile ya kamba. Kisha akajifunga buibui vizuri, akashuka.

"Bwana Abdulhalim, nina picha."

Mzee aliitazama muda mrefu. Watu wakasogea. "Huyu si ndugu yako, Bi Huwaida?"

"Ni ndugu yangu. Na amepitwa."

Khatib alirushwa juu kama mpira. Sadiq alimtazama dada yake, akashuka kutoka mabegani mwa wenzake, akaenda zake na punda wake.

Usiku Sadiq aliketi kula. Mama yake alimsogezea wali, akaula. Alipomaliza, alinawa mikono, akaja kukaa karibu na Huwaida.

"Ile nyingine," akasema, "ya Simsim akiwa hewani. Itatoka kubwa kiasi gani?"

"Kubwa kama mlango, ukitaka."

"Nataka," Sadiq akasema, na uso ukamkunjuka. "Na kwato zote nne zionekane."